Kanda ya Bi Salha

Enzi zile wanyama walipokuwa na redio yao, chiriku mmoja mjane, Bi Salha, alishtuka kujisikia akiimba kwenye tangazo la asali ya Mbweha. Ilikuwa sauti yake ya ujanani, iliyorekodiwa kwenye harusi ya mpwawe. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Akamshtaki Mbweha kwa Hakimu Korongo.

"Mheshimiwa, sauti hiyo si yake," Mbweha akadai. "Mwambie aimbe, tulinganishe."

Bi Salha akajaribu. Koo likamkwaruza, na waliohudhuria wakaangua kicheko. Akainamisha kichwa, akizikumbuka siku ambazo msitu mzima ulitulia akianza tu kuimba.

"Mnaona?" Mbweha akasema kwa majivuno. "Huyo mwimbaji hata simjui. Kanda yenyewe ninayo hapa, nzima."

"Kama ni nzima, ipige mpaka mwisho," akasema Korongo.

Wimbo ulipokwisha, ikasikika sauti ya dume, changamfu: "Salha, mke wangu, pumzika sasa. Nimekuletea maji."

Hakuna aliyecheka tena. Mbweha alikuwa amejifunga kwa ushahidi wake mwenyewe. Korongo akaamuru tangazo likome, Bi Salha alipwe fidia, na kanda akabidhiwe yeye.

"Una la kuongeza, Bi?"

"Nilikuja kudai sauti yangu, Mheshimiwa," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Sikujua kama na ya marehemu imo humo. Naomba unipigie tena pale mwisho, kabla sijaenda nyumbani."