Hesabu ya Mbegu

Mgeni alikanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu vya viatuni lililokuwa mlangoni, bila kuambiwa. Akanawa mikono mpaka viwiko, akaikung'uta, kisha akasimama mbele ya kioo akingoja kufunguliwa.

Mtafiti alimtazama kutoka ndani. Nani aliyemfundisha mama huyu taratibu za maabara?

"Shikamoo, mama. Una miadi na mtu?"

"Marahaba, mwanangu. Sina. Marehemu mume wangu alikuwa mmwagiliaji wa mimea hapa."

Kumbe ndiye. Miaka miwili iliyopita mbegu saba za maharage zilitoweka. Mmwagiliaji alikana mbele ya wakuu wote, akafukuzwa, na mwaka huu akafariki. Maharage yenyewe hayakuwa ya kuchezea: yalikuwa yamebadilishwa jeni ili kila punje ibebe madini ya chuma mara nne ya kawaida, kwa ajili ya watoto wenye upungufu wa damu. Ikitoka nje hata moja, majaribio yanafungwa na kila kitu kinachomwa moto. Safari ile waliponea chupuchupu.

"Barua yako hii hapa, mama," mtafiti alisema. "Ushahidi haukupatikana, kwa hiyo inasema mzee hakuwa na hatia. Imebaki saini yangu tu."

Miaka miwili mjane alikuwa ameililia barua hiyo, wanawe wakiitwa watoto wa mwizi kila wapitapo. Sasa hata hakuitupia jicho.

"Ngoja kidogo. Nipeleke kwanza zinapokaushwa mbegu. Nilimwahidi."

Mtunza stoo wa maabara, aliyekuwa akiwasikiliza, alimvuta mtafiti pembeni. "Dada, fungua macho. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Huyu ni mke, si mtoto."

"Haya, umeshamwona mke wa nyoka akifuga kuku?"

Mtafiti hakucheka. Lakini roho haikumpa kumkatalia mfiwa, akampeleka, barua mkononi. Walisimama wote watatu mbele ya trei ya mbegu.

"Ni kweli mtoto asiye na damu akila haya atapona?"

"Ndiyo tumaini letu, mama. Majaribio yamebakiza miaka mitatu."

"Kitinda mimba wangu hakuweza kungoja. Upungufu wa damu ulimwua wiki ileile baba yake alipofukuzwa."

Hapo hapo mkono wa mjane ulitumbukia kwenye trei na kutoka, haraka kama wa mtu aliyegusa kaa la moto.

"Mama!" Mtafiti aliivuta trei upande wake. Alikuwa ametaka sana kumwamini. "Samahani, itabidi tuhesabu."

"Hesabuni, mwanangu. Mume wangu alinieleza kwamba hapa kila punje ina hesabu yake."

Asubuhi zilikuwa mia mbili kamili. Mtunza stoo alihesabu, akakuna kichwa, akahesabu tena. Mtafiti alikuwa ameshatoa simu, kidole juu ya namba ya walinzi.

"Zimepungua ngapi?"

"Zimezidi, dada. Mia mbili na saba. Na hizi saba ni za zamani, tazama rangi ilivyokolea."

Mjane alinyoosha mkono, akaichukua barua kutoka kwa mtafiti kabla haijatiwa saini. Akaichana katikati, taratibu, akamrudishia vipande vyote viwili.