Mfupa Usio na Haraka

"Nimekwambia uvikate hivyo vitunguu, sikukwambia uvibembeleze," mama mkwe alisema kutoka kitini, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto kama mgeni wa heshima.

Mkaza mwana akacheka chini chini, akaharakisha kisu.

Mama mkwe alikuwa ameteleza bafuni nyumbani kwake, akajizuia kwa kiganja, na kifupa kidogo kama korosho kikavunjika chini ya kidole gumba. Daktari aliwaeleza: damu ya kifupa hicho huingilia upande wa vidole, halafu inarudi nyuma. Kikikatika katikati, kipande cha nyuma kinakaa na njaa, na kinaweza kufa. Ndiyo maana alipasua upande wa kiganja, asiiguse mishipa midogo ya mgongoni mwa mkono, akakaza skrubu. Ikaja plasta, kisha bandeji ngumu ya kufunga kwa mikanda, naye akahamia kwa mwanawe auguzwe.

Tangu hapo mama mkwe alikuwa na jibu moja kwa kila kazi. "Mie damu yangu inapitia mlango wa uani, mwanangu. Haina haraka. Osha wewe."

Siku moja mkaza mwana alirudi sokoni akakuta nguo alizoziloweka zimekwisha kukamuliwa, ziko kambani.

"Jirani yako ana moyo, kaja kakusaidia," mama mkwe alisema. "Mimi huu mfupa ukiunga tu, hata chai siingoji. Nakwenda kwangu, kwenye kitanda changu."

Maneno hayo yalimnyima mkaza mwana usingizi. Alilelewa bila mama. Mumewe alikuwa mtu wa kurudi, kula na kulala. Zamani siku nzima yeye alizungumza na sufuria. Sasa alikuwa na wa kumtania, na wa kumgombeza chumvi ikizidi. Lakini kusema "Mama, kaa" kulimshinda. Neno lilifika kooni likageuza njia.

Siku ya kliniki, mama mkwe alipokwenda msalani, mkaza mwana alijipenyeza kwa daktari, macho sakafuni.

"Daktari, naomba usimwambie kwamba amepona. Mwambie bado kidogo. Akipona anaondoka."

Daktari akavua miwani.

"Mfupa umeshaunga. Mara iliyopita, ulipokwenda kuchukua dawa, nilimwambia hata bandeji aitupe. Akanisihi nimwachie." Akatabasamu. "Alisema akiivua tu, utamfungia mizigo."