Kidole cha Njiti

"Kaskazini ni wapi?" mkaguzi aliuliza, na darasa karibu lote likanyoosha vidole ubaoni. Kwao kaskazini ni juu ya ramani, na ramani huning'inia ubaoni.

"Safi kabisa!" mkaguzi alisifu.

Mwalimu wa maarifa ya jamii alishusha pumzi. Saini ya mzee huyu ndiyo ingemthibitisha kazini.

Lakini Njiti, binti aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake, alikuwa amenyoosha mkono kulia, mlangoni.

"Na wewe, kaskazini yako imetoroka shule?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Jua la asubuhi linatuchoma mgongoni, mzee. Kwa hiyo ubao uko magharibi, na kaskazini iko huku."

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Mwalimu ndiye aliyemfundisha, wiki iliyopita. Njiti alimtupia jicho, hakumtaja. Kiwiko chake kilianza kukunjika, na mkono ukawa unashuka kidogo kidogo.

"Mwalimu, hebu mrekebishe," mkaguzi alisema, huku akifungua kalamu.

Mwalimu aliweka chaki mezani. Akapita katikati ya madawati, akakishika kile kiwiko chembamba, akakiinua mpaka kidole kikaelekea tena mlangoni.