Kuku Namba Kumi na Saba

Kuku wawili walikuwa bafuni, na mmoja alitakiwa kufa kabla ya saa nne.

Binti alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akihangaika kuvua pete ya plastiki mguuni mwa kuku mmoja ili amvishe mwenzake. Pete ilikuwa ya njano, yenye namba kumi na saba. Baba yake aligonga mlango kwa mara ya tatu.

"Umo humo na nani?"

"Najiandaa na mtihani, baba."

"Mtihani gani huo unaolia kama kuku?"

Mwaka wa pili wa masomo ya mifugo, kila mwanafunzi alikabidhiwa kifaranga wa siku moja. Alitakiwa amlee, ampime kila Ijumaa, na mwisho wa muhula amchinje kwa mkono wake mbele ya darasa, amfungue na kutaja kila kiungo. Vifaranga wa wenzake walikaa bandani chuoni. Wa kwake alikuwa dhaifu, akaruhusiwa kumlea nyumbani, ndani ya boksi la viatu karibu na jiko.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kifaranga alipona, akanenepa, akapewa jina la Shangazi, kwa sababu aliingia kila chumba bila hodi na kukagua masufuria ya watu. Baba, aliyekuwa akimwita "mboga yenye miguu", alikutwa mara mbili akimmegea mkate chini ya meza. Na kila jioni binti aliporudi kutoka chuoni, Shangazi alikuwa getini akimsubiri. Kila alipokiwaza kisu cha mtihani, machozi yalimtangulia.

Kurudia mwaka nako hakukuwezekana, maana mama alishawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni daktari wa mifugo, bado cheti tu. Na mwalimu wa vitendo, bwana mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimbandika jina la Gramu kwa vile hakuamini kitu mpaka akipime, alikuwa amesema waziwazi: "Mfugo si ndugu yako. Atakayeniletea kuku wa sokoni nitamjua hata nikifumba macho, na mwaka ataurudia."

Gramu hakuwa mtu wa mzaha. Kwenye sherehe za chuo, walimu wenzake wakigombania mapaja ya kuku, yeye alijitenga pembeni na sahani ya wali mtupu. Alipotoa chaki mfukoni, punje za mahindi zilidondoka nayo. Wanafunzi walisema bwana yule ni bahili hata kwa chakula cha kuku wa chuo.

Mlango wa bafu ulifunguka. Alikuwa mama. Alimtazama kuku wa kwanza, akamtazama wa pili, kisha akaitazama pete. Binti akakaa tayari kufokewa.

"Wako ana unyoya mweupe bawa la kushoto," mama alisema. "Huyu hana."

Kisha akachukua dawa ya meno kwenye rafu.

"Mshike vizuri, asije akanichafua."

Saa tatu na nusu binti alisimama mbele ya meza ya chuma, aproni kiunoni, roho juu. Gramu alimweka kuku kwenye mizani, akafungua daftari.

"Ijumaa kilo mbili. Leo Jumatatu kilo moja na robo."

"Amekuwa na mawazo, Mwalimu."

Darasa liliangua kicheko. Gramu hakucheka. Aliinua bawa la kushoto, akasogeza pua, akanusa taratibu.

"Na siku hizi anapiga mswaki?"

Wenzake walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Binti peke yake aliona aibu na hofu vikimpanda kwa pamoja. Alisubiri kufukuzwa.

"Endelea," Gramu alisema.

Akaendelea. Alimwomba radhi kimoyomoyo yule kuku asiyemfahamu, akakata mara moja tu, kama alivyofundishwa. Alimnyonyoa kwenye maji ya moto, akamfungua, akataja moyo, ini, bandama na firigisi, na nyongo akaitoa bila kuipasua. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

Darasa lilipotoka, Gramu alimwashiria abaki. Alifunga mlango, akachukua kalamu.

"Kisu, sawa. Viungo, umevitaja vyote. Sasa, kuhusu huyu kuku."

"Ni wangu, Mwalimu," binti alianza. Uongo ulikuwa umemchosha tangu alfajiri. "Hapana. Ni wa sokoni. Wangu yuko nyumbani, nimeshindwa kumchinja. Niandikie tu kurudia mwaka."

Gramu aliandika neno moja daftarini, akaligeuza daftari ili binti alisome: Amefaulu.

Halafu akaokota ile pete ya njano kwenye sinia, akaiosha bombani, akaikausha kwa kitambaa chake, akamwekea binti kiganjani.

"Mrudishie mwenyewe. Na dawa ya meno inanuka, mwanangu. Mimi nilipofanya mtihani huu nilimpaka chaki yule wa sokoni, bawa zima. Huu ni mwaka wa tisa wa kuku wangu, na bado ananisubiri getini."