Kilio cha Kufundishwa

Siku hizi kila bweni la chuo lina sauti ya marehemu mlangoni, iwaonye wanaotesa wanafunzi wapya. Sisi wazazi tuliofiwa ndio tuliodai hivyo. Sauti ya mtoto wa Bi Tusekile huchaguliwa kila mwaka. Inalia vizuri, hadi walinzi wanaomba likizo. Wangu, Lutufyo, walipomzamisha pipani kumkaribisha chuoni, alicheka mpaka mwisho akidhani ni utani. Sauti yake hucheka tu, haichaguliwi.

"Baba Lutufyo, hata msiba unauonea kijicho?" mke wangu akanisuta.

Sikumsikiliza. Wiki nzima nikaifundisha sauti ya mwanangu kulia. Ikachukuliwa na mabweni tisa! Bi Tusekile hakunisalimu.

Jana mke wangu akaiomba, "Cheka kidogo, mwanangu."

Ikalia.

"Basi niigizie wewe kicheko chake," akaniambia.

Nikacheka.

"Siyo hicho," akasema.