Shati la Mposaji

Siku hizi huku Taita huwezi kuposa kabla shati lako halijanuswa. Unalivaa siku saba bila kulifua, kisha wazee wanalirusha ng'ambo ya uzio wa ndovu. Ndovu wa leo wanazaliwa bila pembe, lakini wanazaliwa wakijua harufu ya kila ukoo uliowahi kuwawinda. Shati la ukoo huo hulikanyaga mpaka liwe vumbi. La Mwandoe walilinusa wakaliacha, na Mghoi akaolewa.

Miaka miwili Mwandoe hakufika hata mara moja kwenye bwawa la ng'ambo ya uzio, wanakonywa ndovu. Mgongo, alisema, unamuuma.

"Leo tunakwenda wote," Mghoi akamwambia asubuhi hiyo, ameshika tumbo lake la miezi saba. "Mimi ndoo siwezi tena. Kwani unaogopa nini, na shati lako lilipita?"

Mwandoe akabeba ndoo.

Bwawani, ndovu jike aliyezoea kumpisha Mghoi kila siku aliinua mkonga. Masikio yakatanuka.

"Halikuwa langu!" Mwandoe akapiga kelele. "Shati lilikuwa la rafiki yangu!"

Mkonga ukamzoa kiunoni, ukambamiza chini mara mbili, kisha mguu ukamshukia kifuani. Mghoi alizisikia mbavu zikivunjika.

Hakukimbia. Yeye ukoo wake ni safi, na ndovu wote wanamjua. Mkonga, ukichuruzika damu ya mumewe, ukamnusa nywele, ukamnusa uso, ukaridhika. Kisha ukateremka taratibu hadi tumboni, ukatulia hapo.

Masikio yakatanuka tena.