Kofia ya Wakili Namsifu

Sheria ilitaka kila wakili anayestaafu afutiwe kumbukumbu za kesi zake, ili siri za wateja zisivuje. Siku ya kumuaga Namsifu, rais wa chama cha mawakili, wenzake walimkabidhi ngao na kumpigia makofi, kisha afisa wa serikali akamletea kofia ya kufutia kumbukumbu.

Namsifu akamtazama mumewe, Kiangi. Walijuana Kiangi akiwa kizimbani, amesingiziwa wizi, naye akamtetea mpaka akaachiwa.

“Siivai,” alisema. “Mtanifutia na mume wangu.”

“Mama, ni sheria.”

“Nimepinga sheria mbovu miaka thelathini. Leo ndiyo niogope?”

Afisa hakubishana. “Basi tutaanza na mteja; wakili akikataa, sheria inaruhusu,” alisema, akamsogelea Kiangi na ile kofia.

Namsifu akavua viatu vyake virefu, akasimama katikati yao.